Jiko, Joto na Chumba cha Mzazi



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unajibu maswali mawili ambayo akina mama wa jumuiya ndogondogo huuliza sana inapokaribia miezi ya Juni na Julai. La kwanza: je, jiko moja linaloweza kuchoma kuni, mkaa na hata pumba za mpunga ni jiko zuri la kununua? La pili: je, jiko hilo laweza kuingizwa chumbani usiku ili mzazi na mtoto wake mchanga wapate joto? Swali la kwanza tutalijibu kwa urefu, maana linategemea jiko lenyewe na mtumiaji wake. La pili jibu lake ni fupi: hapana, haliwezi, hata kama ni jiko la bei kubwa. Tuanze na hilo la pili, kwa sababu ndilo linalopoteza maisha ya watu.

Kutafuta joto katika nchi ya joto

Mgeni aweza kucheka akisikia kwamba watu wa Namawala wanatafuta joto. Bonde la Kilombero linajulikana kwa jua, mpunga na mbu. Lakini sisi wenyeji tunajua usiku wa Julai ulivyo, na ndugu zetu wa milimani Mahenge wanajua zaidi. Tunajua pia masika, nguo zisipokauka siku tatu na sakafu ya udongo inapotoa unyevu. Mtu mzima hujifunika blanketi akalala. Mtoto mchanga hawezi.

Mtoto huyo ametoka mahali penye joto la kudumu. Ngozi yake ni nyembamba, kichwa chake ni kikubwa kulingana na mwili, naye hupoteza joto upesi sana, hasa akiwa na majimaji. Joto la mwili wake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, huanza kunyonya kwa ulegevu, hulala mno, na nguvu alizohitaji kwa kukua huzitumia kujitafutia joto. Aliyezaliwa na uzito wa chini ya kilo 2.5 yuko katika hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo bibi au mama mkwe anaposema, “Mtoto apate joto,” anasema kweli kabisa, wala wauguzi tusimkejeli. Tunachobishana naye ni mahali pa kulitoa joto hilo.

Katika nyumba nyingi joto hilo hutolewa kwenye jiko la mkaa. Huwashwa nje mpaka moshi uishe, makaa yakishakuwa mekundu jiko huingizwa chumbani, mlango hufungwa ili baridi isiingie, na pengine makaa hufunikwa majivu ili yadumu hadi alfajiri. Kila hatua hapo imefanywa kwa upendo. Kwa bahati mbaya karibu kila hatua inaongeza hatari.

Hewa isiyo na harufu

Mkaa au kuni zikiungua bila kupata hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohozi. Ukiivuta huingia katika damu na kushika mahali ambapo hewa safi ya oksijeni ilipaswa kushika, tena huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Basi mtu anaendelea kupumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo wake vinakosa oksijeni.

Watu wengi hudhani hatari iko katika moshi, na kwamba moshi ukiisha hatari imekwisha. Moshi wa kuni una madhara yake makubwa, nitayataja, lakini una jambo moja linalotusaidia: unamfukuza mtu. Macho yakiwasha, utatoka nje au utafungua dirisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi hayamfukuzi mtu. Yanampa joto zuri, kisha usingizi. Na makaa yaliyofunikwa majivu yanaungua polepole kwa kukosa hewa, na huko ndiko sumu hii inakotengenezwa.

Nimesikia dawa za kienyeji za kuzuia jambo hili, nazo nazitaja ili tuziache. Bakuli la maji lililowekwa kando ya jiko halisaidii, kwa kuwa maji hayainyonyi hewa hiyo. Kitambaa chenye maji puani hakisaidii. Maziwa hayaitoi katika damu. Kuacha dirisha wazi kidogo kama upana wa vidole viwili si kinga ya kutegemewa kwa mtu aliyelala.

Mama mjamzito namwomba asikilize zaidi. Sumu hii hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni, na kwake huchelewa kutoka kuliko kwa mama. Mama anaweza kupata nafuu huku mtoto bado anaumia.

Nyumba zetu zimebadilika

Wazee hujibu, “Sisi tulilelewa na moto ndani ya nyumba, mbona tuko hai?” Ni hoja ya haki, nami hupenda kuijibu kwa heshima. Nyumba ya zamani ya miti, udongo na nyasi ilikuwa na uwazi mpana kati ya ukuta na paa, na nyasi zenyewe zilipitisha hewa. Moto wa kuni katikati ya nyumba ulitoa moshi mwingi, watu walikohoa, watoto waliugua vifua, lakini hewa ilikuwa ikipita.

Siku hizi tunajenga kwa matofali na bati. Ule uwazi wa juu ya ukuta tunauziba, tena kwa sababu nzuri. Namawala ni kijiji ambacho watafiti wa malaria kutoka Ifakara wamefanyia kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na moja ya mambo tuliyojifunza bondeni humu ni kwamba mbu wa malaria hupenda kuingia kwa uwazi huo wa chini ya paa. Aliyeuziba, akaweka wavu dirishani na dari ndani, amefanya vema, asiubomoe. Ila ajue kwamba chumba kile kinachozuia mbu kinazuia na hewa pia. Jiko ambalo bibi aliliweka katika nyumba ya nyasi halipaswi kuingia katika chumba cha namna hii hata kwa saa moja.

Na hao wanaohamia shambani msimu wa mpunga: moto wa chini ya dungu ukiwa uwanjani ni jambo jingine, ingawa nyasi hushika moto na watoto huanguka. Lakini nimeona madungu yaliyozungushiwa turubai la plastiki pande zote kuzuia mvua. Hapo msipandishe jiko la mkaa. Nafasi ni ndogo, turubai halipitishi hewa, na chandarua kiko karibu na moto. Moshi nao hauchukui nafasi ya chandarua. Tumieni chandarua chenye dawa.

Je, hakuna jiko la chumbani?

Lipo, nalo ni vizuri tulijue ili tusidanganywe na jina. Katika nchi za baridi kama Uingereza watu hutumia jiko la chuma linalochoma kuni na makaa ya mawe pia, kwa kutia nyumba joto. Lakini jiko hilo limefungwa pande zote, lina mlango unaobana, na lina bomba la moshi linalopanda hadi juu ya paa. Bomba husafishwa mara kwa mara, maana masizi au kiota cha ndege vikiliziba, sumu hurudi chumbani. Hata hivyo hawaliamini peke yake: tangu mwaka 2015 sheria ya Uingereza inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke king’ora cha kaboni monoksaidi katika chumba chenye jiko la namna hiyo. Basi watu wenye jiko lililofungwa, bomba na sheria bado wanaweka king’ora. Sisi tunaingiza makaa yaliyo wazi, bila bomba, halafu tunafunga mlango.

Kuchagua jiko la kuni, mkaa na pumba

Sasa tuzungumze juu ya jiko la jikoni, ambalo kila familia inalihitaji. Faida ya jiko linalopokea vitu vingi ni wazi kwa mkulima. Kiangazi kuni kavu zipo, baada ya mavuno pumba zimejaa kwenye mashine za kukoboa, na masika kuni zikilowa unanunua mkaa. Usipokuwa na jiko la namna hii utakuwa na majiko matatu, au utarudi kwenye mafiga.

Ugumu wake ni kwamba vitu hivi haviungui kwa namna moja. Mkaa unataka hewa ipite chini yake, kwenye sahani yenye matundu, na sufuria iwe karibu. Kuni zinataka nafasi ya kutosha ili mwali usimame kabla ya kugusa sufuria. Sufuria ikiwa karibu mno, mwali unapoa na kuwa moshi na masizi. Kwa hiyo jiko zuri la kazi zote huwa na sahani ya matundu inayotoka au kubadilishwa kimo. Fundi akikuambia jiko lake linachoma kila kitu, mwombe akuonyeshe sahani hiyo inakaa wapi kwa kuni na wapi kwa mkaa. Asipoweza, hilo ni jiko la mkaa ambalo wewe utalilazimisha kuni.

Pumba zina tabia yake. Katika kila kilo 100 za mpunga, kama kilo 20 huwa pumba, na pumba zikiungua kama moja ya tano ya uzito wake hubaki majivu. Majivu hayo huziba matundu haraka, ndipo moshi mzito unapoanza. Jiko la pumba la kawaida ni la debe: unasimamisha chupa au gogo katikati, unashindilia pumba kavu pembeni, kisha unalichomoa taratibu ili libaki tundu linalokutana na mlango wa chini. Linapika maharage vizuri kwa saa kadhaa bila kuchochewa. Lakini linaungua kwa kufukuta, hivyo hutoa moshi na sumu nyingi. Litumieni uwanjani au chini ya banda lililo wazi. Wala lisiingizwe ndani baada ya kupika eti “limeshazimika”. Pumba zilizo ndani zaweza kufukuta muda mrefu.

Kitu cha pili cha kutazama ni miguu na kitako. Sisi tunasonga ugali. Jiko jembamba lenye kitako kidogo huyumba mwiko unapozunguka, na sufuria ya maji yanayochemka humwagikia mtoto aliyekaa karibu. Kabla ya kulipa, weka sufuria yako mwenyewe juu yake, ukamate mwiko, uigize kusonga. Wauza majiko watakushangaa, waache washangae. Mtoto akiungua, mmwagie maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, umfunike kitambaa safi na kumleta hospitali. Dawa ya meno, yai na mafuta visipakwe.

La tatu ni kigae cha udongo cha ndani. Kigae hutunza joto na kupunguza mkaa unaotumika. Majiko ya bati yenye kigae yalienea kutoka Kenya katika miaka ya 1980, baada ya mafundi kurekebisha mfano uliotoka Thailand, na leo tunayaona kila mahali. Ni majiko mazuri kwa mfuko wa familia. Lakini nasisitiza: kutumia mkaa kidogo hakuondoi sumu. “Jiko bora” chumbani ni hatari ileile.

Aliye na jiko la jikoni la kudumu namshauri ajenge la udongo na matofali lenye bomba la moshi litokalo juu ya paa. Nyufa zizibwe kwa udongo kila zinapoonekana, maana moshi hutafuta ufa kabla ya bomba. Kuni zipasuliwe na kuanikwa mapema, kabla ya masika, zikatunzwe penye paa. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kukausha maji yake yenyewe. Msiwashe moto kwa chupa au kandambili za plastiki. Moshi wake ni sumu ya namna nyingine. Na mtoto mdogo asifungwe mgongoni wakati mama anachochea. Moshi wa jikoni ni moja ya sababu kubwa za watoto wa chini ya miaka mitano kuugua nimonia, na mgongoni ndiko pua yake inakokutana nao.

Juu ya mafuta ya taa nitasema kidogo. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2014 halipendekezi yatumike nyumbani, kwa sababu ya moshi wake, moto na watoto kuyanywa wakidhani ni maji. Mtoto akiyanywa msimtapishe, mleteni hospitali. Gesi ni safi zaidi kwa kupikia, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mwenye uwezo aanze, hata kwa mtungi mdogo wa kilo 6 na chai ya asubuhi. Ila gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutanda chini sakafuni. Ukisikia harufu yake fungua milango, usiwashe kiberiti wala taa. Nayo pia isitumike kutia chumba joto.

Joto la mzazi na mtoto bila jiko

Joto lililo bora kuliko yote kwa mtoto mchanga ni kifua cha mama yake. Mvueni nguo, abaki na nepi, kofia na soksi, awekwe wima kati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, kisha wafungwe pamoja kwa kitenge na kufunikwa blanketi. Uso wake ugeuzwe pembeni ili pua iwe wazi. Njia hii ilianzishwa na madaktari wa Bogotá, Colombia, mwaka 1978, walipokosa mashine za kutosha za kutunzia njiti. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano ikiwemo Tanzania, ulionyesha kuwa watoto wadogo walioanzishiwa njia hii mara tu walipozaliwa walikufa wachache zaidi, kwa kiasi cha robo, kuliko waliosubiri hali itulie kwanza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri ianze mara moja kwa njiti na wenye uzito mdogo, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Mama akichoka, baba amchukue. Naam, baba. Kifua chake kina joto lilelile, na bibi naye aweza. Ambaye analala fofofo kwa pombe asimchukue.

Mtoto asiogeshwe katika saa 24 za kwanza. Afutwe tu na kukaushwa. Baadaye aogeshwe mchana jua likiwa limepanda, haraka, kisha akaushwe kichwa kwanza. Jioni mgusieni miguu na tumbo. Miguu ikiwa baridi na tumbo lina joto, anaanza kupoa, mrudisheni kifuani. Vyote viwili vikiwa baridi, mwekeni kifuani na mje hospitali hivyohivyo akiwa kifuani. Chupa ya maji ya moto isiwekwe kando yake, ngozi yake huungua kwa joto ambalo mkono wako hauoni kuwa ni kali.

Mzazi mwenyewe apewe uji wa moto, chai iliyotunzwa katika chupa, soksi na blanketi kavu. Kama desturi ya nyumba ni aote moto, aote jikoni au barazani jioni, mlango ukiwa wazi, kisha aingie kulala na jiko libaki nje.

Malaria au jiko?

Hapa kwetu kichwa kikiuma na mtu akatapika, neno la kwanza ni malaria. Ni sawa, mpimwe. Lakini dalili za sumu ya makaa hufanana nazo: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, miguu kukosa nguvu, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida. Angalieni mambo haya: mwili hauna homa, waliolala chumba kimoja wameamka wagonjwa pamoja, wakienda shambani nafuu inakuja kufikia mchana, na kesho asubuhi kichwa kinarudi. Malaria haina desturi ya kumshika mama, mtoto na shangazi alfajiri moja.

Mkiwakuta watu hivyo, fungueni mlango na madirisha kwanza, watoeni nje wote, na jiko litolewe baadaye. Aliyezimia alazwe ubavu. Asipewe kitu mdomoni. Akiwa hapumui, apumulishwe na anayejua. Kisha waje hospitali, hata waliopata nafuu, na mjamzito kabla ya wote. Katika hewa ya kawaida damu huchukua saa nne hadi tano kupunguza nusu ya sumu hiyo. Kwa oksijeni ya hospitali huchukua kama saa moja na nusu.

Mkifika, neno la kwanza kwa muuguzi liwe, “Tulilala na jiko.” Msingoje muulizwe. Kile kifaa tunachobana kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu yenye sumu hii. Kitaonyesha tarakimu nzuri wakati mgonjwa anazidiwa. Msiposema, tunaweza kuwapima malaria, tukakuta hakuna, tukawarudisha nyumbani mkalale na jiko lilelile.